Limefungwa kwa Kosa la Kuomba Maoni

Jumamosi, Novemba. Kwa wazazi, juu kidogo ya Marangu.

Mvua imenyesha tangu alfajiri na mlima haujaonekana tangu Jumatano. Nimekaa kwenye kibaraza cha jiko la nje, blanketi la mama mabegani, simu mkononi, nikiandika kwa vidole vilivyokufa ganzi. Mbele yangu ni kihamba cha baba, shamba letu la nyumbani, migomba na kahawa zimesongamana kama kawaida yake, na chini ya kihamba unapita mfongo, ule mfereji ambao wazee wa ukoo huu waliuchimba kuyaleta maji kutoka mtoni. Umejaa na unanguruma. Kila kitu kiko mahali pake isipokuwa mimi.

Yeyote anayepita kwenye ukurasa huu ananijua kwa makelele. Nimepanda juu ya meza ya kantini kudai maktaba ya chuo ifunguliwe Jumapili. Nimemkatiza mhadhiri katikati ya sentensi kwa sababu sentensi yenyewe ilikuwa inaelekea kwenye uongo. Nimeandika hapa hapa, kwa herufi kubwa, kwamba asiye na msimamo asipoteze muda wangu.

Leo nina hofu, na hofu hiyo imetoka kwenye herufi moja.

Nianze na Ulizo. Ni tovuti ya maswali na majibu kwa Kiswahili ambayo sisi wanafunzi watatu wa Moshi tunaisimamia kwa kujitolea: mimi, Deo na Neema. Mtu anauliza namna ya kuzuia ukungu wa nyanya, au utaratibu wa kupata hati ya kiwanja, au hesabu iliyomshinda mwanawe wa sekondari. Wanaojua wanajibu, na jibu lililo sahihi linapanda juu. Sheria yetu kuu ni kwamba swali linaloomba maoni linafungwa. Haturuhusu “lipi bora”, haturuhusu “mngefanyaje”, haturuhusu “mnaonaje”. Na katika sisi watatu, mtetezi mkuu wa sheria hiyo ni mimi.

Sikuitetea kwa ukaidi mtupu. Kabla haijawekwa, mtu aliuliza pombe ya mbege ya wapi ni tamu zaidi, na jua halijazama watu walikuwa wameshatukaniana koo na makaburi. Hilo lingeweza kuchekwa. Lisilochekeka ni la mama mmoja aliyeuliza afanye nini mtoto wake akishikwa na degedege. Jibu la kumkimbiza hospitali lilikuwepo, limeandikwa na muuguzi, nalo lilikaa chini kabisa. Juu yake yalirundikana maoni: mfukize, mpake hiki, sisi mama alitufanyia hivi na tumekua. Hatukupata kujua mtoto yule aliishia wapi. Nilisimama mbele ya wenzangu nikasema kwamba maoni ni kelele zilizovaa koti la jibu, na sheria ikapita.

Nusu ya sentensi ile bado naiamini.

Sasa Neema anataka tuigeuze. Anapendekeza chumba cha maoni ndani ya Ulizo, watu waulizane wanavyoona, bila kufungiana. Deo hataki kusikia. Tunapiga kura Jumatatu jioni, chumbani kwa Neema kule Soweto ya Moshi, na kwa hesabu yoyote kura itakayoamua ni yangu. Hotuba yangu niliimaliza Alhamisi. Inaanza hivi: “Jamii isiyotofautisha jibu na maoni itakunywa sumu kwa sababu wengi wameipenda.” Niliipenda mno sentensi hiyo. Niliisoma mbele ya kioo, mara na mkono juu, mara na mkono chini.

Kilichonileta nyumbani ni simu ya baba. Wiki nzima haikupatikana. Nilijiambia ni umeme, nilijiambia ni mtandao, nilijiambia ameidondosha mfongoni kama ile ya kwanza. Jana mama alinipigia kwa simu ya jirani, akasema maneno machache, nayo yakanitosha kukosa usingizi.

“Njoo. Baba yako amenyamaza.”

Anayemjua baba ataelewa uzito wa taarifa hiyo. Baba ni msimamizi wa mfongo. Ndiye anayepanga zamu za maji, ndiye anayewaita watu kuzoa tope baada ya masika, na ndiye anayezungumza. Kwenye harusi za ukoo mshereheshaji huonywa mapema asimpe kipaza sauti. Mchungaji ameshakatizwa naye katikati ya matangazo. Makelele yangu hayakutoka mbali.

Na kesho, baada ya ibada, wanamfongo wanakutana kuamua jambo ambalo limewagawa tangu kiangazi: maji yaingizwe kwenye bomba, au yaendelee kupita wazi. Bomba litawafikia walio chini, ambao wakati wa ukame wanaambulia matone. Bomba hilo hilo litavikausha vile vijito vidogo vinavyoingia kila kihamba huku juu. Hakuna anayejua mkutano utaelekea wapi, ila kila mtu anajua ni nani anayesubiriwa kusema.

Nilipanda kutoka Himo asubuhi na mkate na sukari. Baba alikuwa bandani anamkatia ng'ombe majani. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akaendelea kukata. Hakuniuliza chuo. Hakuniuliza nani aliyenisuka nywele vibaya hivi. Hakumsema mtu yeyote kwa lolote. Tulipokaa kula mtori wa ndizi nilisikia vijiko vikigonga bakuli, sauti ambayo katika nyumba hii sijawahi kuisikia.

Mzee Aminieli, jirani yetu wa chini, alitukuta mezani. Alikuja kuhakikisha kwamba kesho baba atafungua mazungumzo. Baba akamwambia wataamua wenyewe. Mzee Aminieli alidhani ni utani, akasubiri utani uishe. Haukuisha.

“Wewe?” akasema. “Wewe uliyemsahihisha mkuu wa wilaya jina la mto wetu mbele ya watu, leo huna la kusema?”

Baba akachota mtori. Mzee Aminieli akanigeukia mimi, msomi, kana kwamba ugonjwa huo una jina na mimi nimelisomea. Akaaga bila kumaliza chai.

Mama ndiye aliyenionyesha. Alinivuta stoo, akafunua debe la maharage ya mbegu, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Akaibuka na simu ya baba, imezimwa, imeviringishwa kwenye mfuko wa sukari. Alikiri kwamba mwanzoni alidhani kuna mwanamke. Alikaa karibu na lile debe mchana kutwa akisubiri maharage yaite. Yalipokataa kuita alimuuliza mwenyewe, na baba akamjibu kwa kunong'ona kwamba ameandikwa.

Ameandikwa wapi? Mama hakujua. Na nani? Hakujua.

Nikaiwasha. Zikaingia simu zangu zote ambazo hazikupokelewa. Juu yake palikuwa na ujumbe kutoka Ulizo, nao ulisema hivi:

“Swali lako limefungwa kwa kosa la kuomba maoni. Ukirudia kosa hili, utafungiwa. Msimamizi.”

Maneno hayo ni yangu. Niliyaandika mwenyewe, nikayapima mwenyewe, nikajipongeza mwenyewe. Neema alishauri tuweke “limesitishwa”, nikamjibu kwamba sheria lazima iwe na meno. Hutumwa kwa kila mtu ambaye swali lake tumelifunga, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali yanafika.

Chini yake lilikuwepo swali lenyewe. Baba alijiita Mwanamfongo. “Wapendwa, poleni na kazi. Sisi huku tuna mfongo tulioachiwa na wazee wetu. Inasemekana maji yaingizwe kwenye bomba. Mnaonaje wenzangu? Kama yupo ambaye wa kwao ulishaingizwa, naomba aniambie anaishije.”

Nikafungua simu yangu, upande ambao ni sisi wasimamizi tu tunaouona: jina la aliyelifunga ni langu. Nilijaribu kukumbuka nilipolifunga na sikumbuki. Labda nilikuwa kwenye foleni ya chakula. Labda nilikuwa darasani nimechoshwa. Niliona “mnaonaje”, nikabonyeza. Kwenye sentensi ya mwisho sikufika.

Baba akaingia akanikuta nayo. Alifunga mlango kwanza, ndipo akasema sentensi yake ndefu ya kwanza tangu nifike.

“Izime. Namba ninayoipigia kuliko zote ni yako. Wakinitafuta mimi, watakupata wewe.”

Nilihitaji muda kuelewa, na nilipoelewa nilitamani nisingeelewa. Baba alikuwa amesoma limefungwa. Alikuwa amesoma kosa. Akafika kwenye utafungiwa, na kwa macho yanayodai miwani asiyotaka kuivaa, akasoma utafungwa. Katika lugha hii mlango hufungwa na mtu hufungwa; wa kwanza hufunguliwa kwa ufunguo, wa pili kwa hukumu. Mimi ninayejisifu kwa kuchagua maneno nilichukua yale ya mahakamani, nikayapanga kama hati ya mashtaka, nikamtumia mkulima aliyekuwa anasalimia watu. Yeye hakufikiri kwamba ametolewa kwenye tovuti. Alifikiri kwamba mahali fulani, katika ofisi fulani, jina lake limepigiwa mstari kwa sababu aliuliza watu wanaonaje. Ndiyo maana akazika simu. Ndiyo maana kesho hatasema. Kama kuuliza ni kosa, kusimama mbele ya mkutano na kusema ni kosa kubwa zaidi.

Na katika hofu yote hiyo, aliyekuwa anamficha ni mimi.

Nikamwambia ni mimi. Akauliza ni wewe nani. Nikasema ni mimi msimamizi, maneno hayo si ya polisi wala ya ofisi yoyote, swali lake nililifunga mimi mwanawe kwa kidole hiki. Baba alikiangalia kidole. Kisha akaniangalia mimi, kwa muda, kama mtu anayetafuta sura ya mtoto wake kwenye picha ya darasa.

“Kwa hiyo wewe ndiye serikali?”

Mama alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Baba hakucheka. Alitaka kujua kosa ni lipi.

Basi nikamhutubia. Hapo stoo, kati ya debe na majembe, nilitoa hotuba ya Jumatatu pamoja na sentensi yake ya sumu, na mkono juu. Mama, hapo hapo juu ya gunia, akaanza kumenya ndizi. Sentensi ile iliyometa mbele ya kioo ilianguka sakafuni kama ganda. Nilipofika kwenye habari ya degedege, baba alinisimamisha. Hilo alikubali. Mambo ya dawa na mtoto, alisema, hata yeye angefunga, tena angefunga na aliyejibu.

“Lakini mimi sikuuliza dawa. Mfongo naujua. Nilitaka mtu ambaye wa kwake umezikwa kwenye bomba aniambie usiku analalaje bila ile sauti.”

Tukanyamaza, na kwa kuwa tulinyamaza, tukaisikia.

Nimekuwa nikilizungusha swali hilo kichwani mchana wote. Ningelipanga kundi gani? Si la kweli au si kweli. Halina jibu sahihi la kupanda juu. Hata maoni sijui kama ni maoni. Ni mtu anayeogopa peke yake na anauliza kama yupo mwingine. Ulizo haina kitufe cha hilo. Ina kitufe changu tu.

Ndipo baba akatoa ambalo nadhani alikuwa hajalitoa kwa yeyote. Yeye anaelekea kwenye bomba. Msimamizi wa mfongo, mwana wa msimamizi wa mfongo, anaona kwamba walio chini wameteseka vya kutosha na kwamba mfereji wa wazi hautawafikia kamwe. Atamwambia nani hapa? Angemwambia Mzee Aminieli, kufikia jioni ingekuwa imefika sokoni. Aliwauliza watu wasiomjua kwa sababu wasiomjua hawawezi kumwita msaliti.

“Na mimi umeniuliza?” akasema mama.

Baba akasema mambo ya mfongo yana utaratibu wake: anayezungumza mkutanoni ni aliyeingia mfongoni na jembe. Na hapo msimamizi mdogo akaamka ndani yangu, kwa sababu utaratibu huo naujua. Wanawake hawakuruhusiwa hata kukanyaga kule juu yanakochepushwa maji. Wangeingiaje na jembe? Nilifungua mdomo kulisema hilo kwa ufasaha wote niliojaliwa. Mama aliniwahi, bila kuinua macho kwenye ndizi zake.

“Haika huyu amefunga la kwako moja, umeumwa wiki nzima. La kwangu mmelifunga tangu niolewe, na nimepika kila siku.” Akatupa ganda. “Mimi nataka bomba, Baba Haika. Nimechoka kuchuja tope kwa kitenge kila mvua inaponyesha.”

Baba hakulijua hilo. Nilimwona hakulijua. Aliwaandikia watu wa nchi nzima kutafuta mmoja wa kukubaliana naye, naye alikuwa hapo anamenya ndizi.

Akaliokota lile ganda, akaligeuzageuza kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

“Kesho utasema wewe basi.”

“Na nikifungwa?”

Baba alicheka. Kidogo, puani, kisha akageuza kuwa kikohozi. Ndicho kicheko pekee alichonipa leo, na hakikuwa changu.

Jioni, mvua ilipopungua, nilisimama getini, kwenye ua wa masale, ambako mtandao unashika vizuri zaidi, nikalifungua swali lake. Sheria inasema swali lililofungwa halifunguliwi bila wasimamizi wawili kukubaliana. Sikumuuliza yeyote. Deo aliona mara moja. Aliniandikia akiuliza kama nimerogwa huko mlimani, akasema anasubiri maelezo kabla ya kura. Ana haki ya kuyasubiri. Ningekuwa mimi ningeandika makali zaidi.

Majibu yameanza kuingia. Wa kwanza anataka kujua hicho kijiji ni kipi ili aje kuuza mabomba. Wa pili anasema wakulima wa mlimani walizoea kudekezwa. Wa tatu anashauri shamba liuzwe, mzee ahamie mjini. Hakuna hata mmoja aliyesema analalaje.

Hizo ndizo kelele nilizozisema. Hivyo ndivyo nilivyosema itakuwa. Nilikuwa sahihi, na usahihi wenyewe haujanipa raha hata kidogo.

Kwa hiyo nimebaki na nini? Mtoto wa degedege bado yupo kwenye mawazo yangu, na baba naye yupo, na hawa wawili wanavuta kila mmoja upande wake. Nikisema fungueni milango, nitakuwa nimemwachia mama mwingine alundikiwe maoni mtoto anapokakamaa. Nikisema fungeni, kuna mzee mwingine mahali fulani anatafuta debe la kuzikia simu. Mimi, niliyewahi kuandika hapa kwamba asiye na msimamo asipoteze muda wangu, nimekaa mchana kutwa bila msimamo, na nimegundua kwamba mahali hapa pana watu wengi na wengi wao si wajinga.

Labda chumba cha Neema kiwepo, na anayeingia kutoa maoni aseme kwanza ameyaishi nini: wa kwako ulizikwa, au unasimulia tu? Labda mambo ya dawa yabaki nje kabisa. Labda hata hivyo tutashindwa, kwa sababu sisi ni watatu na nchi ni kubwa, na kidole kikichoka husoma neno moja.

Hotuba nimeifuta sentensi ya kwanza. Zilizobaki zimesimama bila kichwa na sijui kama zitatembea hadi Jumatatu.

Jambo moja nimeliamua, kura iende itakakokwenda. Ule ujumbe naubadilisha kabla sijarudi mjini. Nimejaribu hapa kibarazani, nikaandika na kufuta, nikaandika na kufuta. Kosa limeondoka. Kufungwa na mdogo wake kufungiwa wameondoka. Sentensi iliyobaki ni hii: “Tumelisoma swali lako hadi mwisho.” Nimeitazama muda mrefu. Ni fupi, haina meno, na ili niiache hapo itabidi iwe kweli.

Giza linaanza kuingia na mama ameniita mara mbili nikaonje chumvi. Kesho ibada ikiisha, watu watatoka kanisani na kukaa kwenye nyasi, wanaume mbele, wanawake nyuma, kama siku zote. Je, mama atasimama? Baba atamwachia? Na wakimzomea, mwenye kosa atakuwa nani?

Sebuleni baba anajaribu sauti. Anadhani mvua inamficha. “Ndugu wanamfongo,” anasema, “mnaonaje,” halafu anakatika. Anakohoa, anaanza upya, anafika pale pale, anakatika.

Sijui kama amesahau neno linalofuata, au bado analiogopa hilo alilolitamka.